Sabato Saba za Fundi Viatu

Bibi Maswali hakupewa jina hilo bure. Aliolewa katika nyumba ya watu wa Sabato, na kabla viatu vya harusi havijaacha kumbana alikuwa ameshauliza mambo ambayo waliozaliwa ndani ya Sabato hawakuwahi kuyawaza. Kwao alikotoka, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Huku ukweni, Ijumaa jua likizama dunia inasimama: hakuna kufua, hakuna kupika, hakuna kununua, hata sindano haishikwi mpaka jua lizame tena kesho yake.

"Kifungo cha shati kikidondoka je?" aliuliza wiki ile ya kwanza.

"Kitasubiri," alijibu wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye hujawahi kumkuta hana jibu.

"Na chakula kikipoa?"

"Kupasha si kupika. Kupasha kunaruhusiwa."

"Nani anapasha?"

Wifi akamkodolea macho kana kwamba ameulizwa jua linatokea upande gani. "Mwenye jiko ni nani? Si wewe?"

Basi akapasha. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba ukiuliza sana unaweza kujikuta umejipa kazi. Miaka ikapita. Kila Jumamosi alikwenda ibadani na wenzake, na kila Jumamosi, kabla ya sala ya mwisho, alinyanyuka taratibu, akainamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa pembeni kwenda kuwasha jiko, maana wageni wangekuja kula. Wimbo wa mwisho hakuujua. Ibada inaishaje, hakujua.

Aliyemfanya aitamani Sabato yenyewe alikuwa baba mkwe wake, fundi viatu. Duka la mzee lilikuwa chumba kimoja kwenye kona ya mtaa, kimejaa harufu ya gundi na ngozi, na Ijumaa mchana Bibi Maswali ndiye aliyempelekea shati safi. Alimkuta anashona mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Halafu jua likigusa paa la nyumba ya mbele, mzee anaacha. Hasemi ngoja nimalizie. Anaacha hapo hapo alipofika, ananawa mikono mpaka viwiko, anavaa shati, anafunga mlango, na njia nzima anaimba kwa sauti mbaya ajabu, sauti ya kugonga debe. Lakini uso wake! Bibi Maswali alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni na kujiuliza: huyu mzee anapata nini ambacho mimi sikipati? Siku ni ile ile, nyumba ni ile ile, chakula nakipika mimi.

Swali hilo hakumuuliza mtu. Alilibeba.

Kisha mwaka uliopita mzee akashikwa na kizunguzungu dukani, akaanguka, nyundo mkononi. Daktari akasema apumzike.

Sasa hapo ndipo tuelewane. Ukiwaambia watu wa nyumba nyingine wampumzishe mgonjwa, watamlaza siku kadhaa, wampikie uji, halafu watamwambia baba inuka, jua limekuchwa huku umelala. Lakini hawa! Hawa ni watu ambao kwao pumziko ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, Mungu mwenyewe ndiye aliyelianzisha. Wakampa baba yao pumziko lote walilokuwa nalo, bila kupima. Wakamhamishia kwa mwanawe, mume wa Bibi Maswali. Wakamnunulia kiti kizuri cha mito, wakakiweka dirishani. Duka likafungwa, ufunguo akakaa nao wifi. Sanduku la zana likapandishwa juu ya kabati. Hata ibadani akaachwa nyumbani, asichoke. Mzee akigusa ufagio, unachukuliwa. Akisogeza stuli, "Baba, kaa!" Hata kamba za viatu alifungiwa, jamani, fundi viatu mzima anafungiwa kamba kama mtoto wa chekechea.

"Umefanya kazi ya kutosha, baba," walimwambia. "Sasa ni kupumzika tu."

Na walimpenda, hilo lisemwe wazi. Ila mzee akaanza kunyauka. Akaacha kuimba. Chakula akawa anakizungusha kwenye sahani. Na akaanza kuuliza: "Leo siku gani?" Asubuhi anauliza, jioni anauliza. Ijumaa jua likizama, wenzake wakisimama kuikaribisha Sabato, yeye amekaa tu kwenye mito, anatazama ukuta.

"Kumbukumbu inaondoka," wifi alinong'ona, na macho yakamlengalenga.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi. Bibi Maswali alitoka ibadani kabla ya sala ya mwisho kama kawaida yake, akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, na kabla hajasukuma mlango wa jikoni akasikia kitu kinagongwa ndani. Tk, tk, tk. Akafikiri panya. Akavua kiatu ampige.

Hakuwa panya. Baba mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amebana kiatu katikati ya magoti, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa mdomo. Mkononi alishika sindano ya kushonea magunia. Uzi aliuchomoa kwenye gunia la unga. Mchi wa kutwangia ndio aliufanya nyundo. Na kiatu kilikuwa cha Bibi Maswali mwenyewe, sandali yake ya ngozi ya kuvaa jikoni, ambayo ukanda wake ulikatika siku nyingi na yeye akaufunga kwa waya. Waya ulimchoma kidole kila alipopiga hatua, lakini apeleke kwa fundi gani, na fundi yuko sebuleni amekatazwa kazi?

"Baba!"

"Funga mlango, nzi wanaingia."

"Baba, leo ni Sabato."

Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Leo siku gani?"

"Si ndiyo nakwambia? Jumamosi. Sabato!"

"Ahaa," alisema mzee, akamnyooshea sandali. "Jaribu. Ikibana useme."

Akaivaa, angefanyaje. Haikubana. Haikuchoma. Alikanyaga chini mara mbili tatu, hofu imemjaa kifuani, huku kidole chake kinafurahi peke yake. Mzee akarudisha sindano kwenye droo, akaenda zake sebuleni, na alipokuwa anakwenda alikuwa anaimba chini chini. Sauti ya debe. Miezi mingi haijasikika nyumba ile.

Bibi Maswali alikuwa na maswali kumi mdomoni, na nje sauti za wageni zilikuwa zimeshafika getini. Akawasha jiko.

Angefanikiwa kulificha jambo hilo, maana wanaume wa nyumba ile hawatazami miguu ya mtu jikoni. Lakini wifi alileta sahani. Na mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: wifi alikulia chini ya meza ya baba yake, alijifunza kutambaa kati ya soli na visigino. Alitua sahani, akainama, akashika kifundo cha mguu wa Bibi Maswali kama daktari.

"Huu mshono ni wa baba."

"Wifi, ngoja wageni..."

"Unarudi nyuma, unavuka, unarudi tena. Hakuna fundi mwingine anayeshona hivi. Lini?"

Kudanganya aliweza, hakuwa malaika. Lakini siku ya Sabato, mbele ya macho yale? "Leo," alisema.

"Loo!" wifi alisema, akakalia ile ile ndoo.

Wageni walipoondoka, kikao kikawekwa chumbani. Wifi analia, mumewe Bibi Maswali ameinamisha kichwa, Bibi Maswali mwenyewe yuko mlangoni na trei ya vikombe. "Baba yetu!" wifi alisema. "Mtu aliyekataa kushona kiatu cha bwana harusi asubuhi ya harusi kwa sababu ni Sabato, yule kijana akaoa na viatu vya kuazima! Leo anashona ndala za jikoni na hajui ni siku gani. Akili zimekwisha, mdogo wangu. Tusijidanganye."

"Labda alisahau tu," mume wa Bibi Maswali alisema.

"Leo kasahau Sabato. Kesho atasahau njia ya nyumbani. Wewe ni dereva wa lori, Jumapili unaondoka, Ijumaa unarudi. Mkeo ana kazi zake. Ijumaa ijayo nakuja kumchukua akakae kwangu. Nitafunga mlango kwa kufuli asipotee. Na ule ufunguo wa duka naurudisha kwa mwenye nyumba."

Kwake ilikuwa ghorofani, upande wa pili wa mji, chumba kisicho na ua wala mtu wa kusalimiana naye. Mumewe Bibi Maswali alitazama sakafu. Halafu akasema sawa.

Bibi Maswali alirudi jikoni na vikombe vyake. Roho ilimuuma. Na chini ya maumivu hayo lile swali la zamani likaamka, safari hii pamoja na mdogo wake, swali jipya: huyu mzee alisahau kweli? Maana aliyesahau hajifichi jikoni. Na aliyesahau haimbi.

Mumewe akaondoka na lori. Jumatatu yote alimchunguza mzee kwa kisingizio cha kupanguza madirisha. Mzee alikaa kwenye mito yake. Ila mikono haikukaa. Ilikuwa juu ya magoti inakwenda na kurudi, inavuta uzi ambao haupo.

Jumanne akashindwa kuvumilia. Akavuta stuli, akaketi mbele yake.

"Baba, leo siku gani?"

"Unaniuliza mimi? Si mmesema akili zimekwisha?"

"Ulisikia!"

"Mmepumzisha mikono na miguu. Masikio mlisahau." Akamgeukia. "Jumanne. Juzi ulifua, jana ulipanguza dirisha hili hili mara tatu."

"Kwa hiyo unajua! Sasa kwa nini unauliza kila siku?"

Mzee akaitazama mikono yake, na Bibi Maswali akadhani amemkosea heshima. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Ulishawahi kunywa maji huna kiu?"

"Ndiyo."

"Yana utamu?"

"Hayana chochote. Ni maji tu."

"Basi mimi nanyweshwa kutwa. Nauliza leo siku gani kwa sababu kichwa kinajua na mwili haujui. Jumanne na Jumamosi naziona ladha moja." Sauti ikamkwaruza. "Amri ile ya Sabato watu wanaishika mkia. Kichwa chake ni siku sita za jasho, ndipo inakuja hiyo moja. Nyinyi wanangu mmenipa Sabato saba, na sijaonja hata moja. Nimekaa kwenye mito hii natamani Sabato kuliko nilivyowahi kuitamani maishani, na siku inapita mbele yangu."

Hapo Bibi Maswali alipata jibu lake la miaka yote. Au alidhani amelipata. Ule uso wa Ijumaa ulitoka kwenye nyundo, kumbe.

"Sasa baba, kama ni kazi ulikuwa unataka, kwa nini ushone Sabato yenyewe? Si ungeshona Jumatatu?"

"Uliza swali lingine."

"Sina lingine."

"Bibi Maswali hana swali! Basi leo ndiyo mwisho wa dunia."

Ukimbembeleza anafumba macho, anajifanya anakoroma.

Kesho yake asubuhi Bibi Maswali alikwenda kwa daktari. Asije akamwua mzee wa watu kwa udadisi wake. Daktari alipekua kumbukumbu zake, akakuna kichwa. "Nilisema wiki chache," alisema. "Na asibebe vizito. Kwani mpaka leo bado mnampumzisha?"

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Akapanda juu ya stuli, akashusha sanduku la zana kutoka kabatini, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya, akalitua mbele ya kiti kizuri. Mzee alifungua kifuniko, akatoa bonge la nta, akalinusa, na machozi yakamtoka waziwazi wala hakuyafuta. Bibi Maswali naye akalia. Walilia wote wawili sebuleni, hata chungu kikaungua.

Mchana ule akapita nyumba za jirani kuomba viatu vibovu. Nesi wa nyumba ya pili akatoa vya kazini, vimeachama mbele. Mwalimu akatoa buti lenye kisigino kilichoning'inia. Mzee akawekwa uani, kivulini, na akaanza. Siku ya kwanza alishona kidogo tu, mkono ukachoka, akatukana uzi. Siku ya pili alikuwa ameshageuka bosi. "Msharasi!" anaita, na Bibi Maswali anakimbia na ile sindano nene ya kutobolea ngozi. "Huo ni msharasi? Huo ni msumari. Wanawake wa siku hizi, loo." Akala sahani mbili. Akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, na akamwambia mkamwana asimame atazame.

Ikafika Ijumaa.

Bibi Maswali siku hiyo alikuwa na vyungu vitatu motoni, chakula cha leo na cha kesho, mkate bado, nguo za ibada bado. Mumewe alikuwa ameingia na lori mchana, anaoga. Na jua likiwa limeshaanza kushuka, wifi akaingia kwa mlango wa nyuma na begi tupu la kumpakilia baba yake.

Akamkuta uani, kiatu cha nesi kati ya magoti, nyundo mkononi, sanduku wazi.

"Nani kashusha hili sanduku?"

"Mimi, wifi," Bibi Maswali alisema kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Wewe! Unataka aanguke tena? Unataka tumzike? Mgonjwa hajui hata siku, unampa nyundo!" Mumewe Bibi Maswali akatoka na taulo begani, akasimama hajui aende upande gani.

"Daktari alisema..."

"Daktari hakuzaliwa na huyu! Baba, inuka twende, jua linazama, tutachelewa."

Mzee akaweka mshono mmoja, akavuta. "Leo siku gani?" aliuliza.

Wifi akamgeukia mdogo wake, machozi tele. "Umesikia? Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimekuuliza wewe, binti yangu. Jibu."

"Ijumaa, baba."

"Na jua?"

Wote wakatazama. Lilikuwa limegusa paa la jirani.

"Linazama," wifi alisema.

"Basi." Sindano ilikuwa imeingia nusu kwenye soli. Mzee akaiacha hapo hapo, imesimama. Akatua kiatu, akatua nyundo, akanyoosha mgongo ukalia.

Wifi akakitazama kile kiatu. Mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi, mambo mengine hayazuiliki. "Baba, imebaki mishono mitatu tu. Si umalizie?"

Mzee akacheka. "Tangu nianze kushona viatu sijawahi kuimaliza kazi hata Ijumaa moja. Kama ingekuwa lazima kazi iishe kwanza, nisingepumzika mpaka kaburini. Inaachwa. Ikishaachwa ndiyo imekuwa Sabato." Halafu uso ukabadilika, akawa hacheki. "Na Jumamosi ile, nilijua ni Sabato. Nilijua tangu jua lilipozama."

"Ulijua?" mwanawe aliuliza. "Sasa kwa nini, baba?"

"Kwa sababu mlinikalisha, na mtu aliyekalishwa huona. Wiki baada ya wiki nimekaa kwenye kiti changu kizuri naona huyu anapita." Akamwonyesha Bibi Maswali kwa kidevu. "Sisi tumekaa tunaimba habari za raha, huyu anapita na sahani. Sisi tunaomba baraka, huyu yuko jikoni. Anakwenda, anarudi, anachechemea, waya unamchoma. Ibadani haimalizi. Mimi nina Sabato saba, mwanangu huyu hana hata moja. Haki iko wapi? Nikasema, ninazo saba, nikitoa moja nikampa kidole chake kipumzike, hakuna atakayekufa."

Bibi Maswali alitaka kusema si kitu, baba, nimezoea. Hakuweza. Akajifunika uso kwa mkono wenye mwiko, na mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakujua kwamba kuna mtu anaona. Miaka yote hiyo hata yeye mwenyewe hakuwa anaona, maswali yake yote na hilo hakuliuliza.

Wifi, mwenye jibu la kila kitu, akaligeuza lile begi tupu mikononi. Kisha akasema kitu cha kipumbavu kabisa, na mpaka leo wanamtania: "Lakini baba, kesho chakula atapasha nani?"

"Kitaliwa cha baridi. Kuna aliyekufa kwa maharage ya baridi?"

Wifi akatazama jua. Akatazama begi lake. Akalitupa juu ya sanduku la zana, akamwendea Bibi Maswali, akamnyang'anya mwiko. "Bado kuna dakika," alisema, sauti imekauka. "Kaa chini, wifi. Wewe, mdogo wangu, umesimama na taulo hapo kama bendera! Leta maji, osha vyungu." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa duka, akauweka kwenye goti la baba yake bila kumtazama usoni. "Asubuhi tu," alisema. "Jioni unarudi. Na usibebe vizito."

"Ndiyo, mama," mzee alisema kwa unyenyekevu wa uongo.

Kesho yake, kabla ya sala ya mwisho, miguu ya Bibi Maswali ilinyanyuka yenyewe. Wifi akamvuta gauni, akaketi. Na hivyo, baada ya miaka yote hiyo, akaona ibada inavyoisha: wanasimama wote, wanaimba wimbo mfupi wa taratibu, halafu wanageukiana, kila mtu anampa mkono aliye karibu naye. Kumbe. Aliyekuwa karibu naye alikuwa baba mkwe, kaja kwa miguu yake, shati jeupe, anaimba kama debe. Mzee akampa mkono, akamkonyeza.

Wakala cha baridi. Sahani zikarundikwa jikoni, zikafunikwa kitambaa. Bibi Maswali alizisikia zinamwita kutoka kule, mikono ikamwasha, mara mbili akainuka.

"Kaa!" walisema wote kwa pamoja.

"Nikae wapi?"

Mzee akatoka kwenye kiti chake cha mito, akaupiga mto vumbi litoke, akaenda kukaa kwenye stuli. Bibi Maswali alikaa ukingoni kwanza, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Kisha akaegemea. Dirishani kulikuwa na kivuli cha mti wa jirani kinacheza ukutani, na alikuwa amelipanguza dirisha lile mara ngapi asikione. Akajiuliza kinakwenda wapi kivuli kile jua likisogea. Akataka kuuliza. Hakumaliza kuuliza.

Aliposhtuka, chumba kilikuwa na mwanga wa manjano, mtu amemfunika shuka, na mate yamemtoka shavuni. Mumewe amelala sakafuni, wifi amelala amekaa, kichwa ukutani, mdomo wazi. Bibi Maswali hakujua yuko wapi wala ni saa ngapi.

"Leo siku gani?" aliuliza.

Mzee alicheka mpaka stuli ikayumba. Alicheka kimya kimya, mkono mdomoni, asiwaamshe wenzake. Halafu akajifuta macho, akainama, akamvua zile sandali taratibu, akaziweka chini ya kiti.

"Bado ile ile, mwanangu," alisema. "Lala."